Kugandisha mbegu za chui kunaanzia kwa paka wa nyumbani: mwongozo kwa waganga wa wanyama wa Lubumbashi

Kila wiki katika mji huu, kuanzia Kampemba hadi Ruashi, paka dume wanahasiwa na korodani zao zinatupwa kwenye ndoo. Ni mbili mbili, kila moja kama haragwe, na bado zina joto. Mimi pia nimezitupa kwa miaka. Kisha siku moja tuliitwa nje ya mji kuangalia chui aliyenaswa kwenye mtego wa waya. Alikuwa dume mzima, manyoya yanang'aa, amekufa saa chache kabla hatujafika. Tulipima urefu wake, tukaandika, tukasikitika. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ndani ya korodani zake mbegu zilikuwa bado hai, na hata tungejua, hakuna aliyekuwa amewahi kuzitoa. Alizikwa nazo.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Ujuzi huu huwezi kuuanza siku ambayo chui amelala mbele yako. Jifunze kwa paka, kwa korodani zile zile unazotupa. Watafiti wenyewe walipita njia hiyo: paka wa nyumbani alizaa kwa kupandikizwa mbegu mwaka 1970, na watoto wa paka wa kwanza waliotungwa maabara wakazaliwa mwaka 1988. Chui milia walifuata mwaka 1990. Mwaka 2017 bustani ya wanyama ya Nashville, Marekani, ilipata mtoto wa chui mawingu kwa mbegu zilizogandishwa, na Februari 2020 duma wawili waliotungwa maabara walizaliwa katika bustani ya Columbus, wakiwa wamebebwa na jike asiyekuwa mama yao wa damu.

Faida yake si kuzalisha wanyama kama vifaranga. Ni kwamba damu ya dume mmoja inaweza kumfikia jike aliye mbali bila kumlaza mnyama usingizi na kumsafirisha siku nzima kwenye lori, na inaweza kumfikia hata miaka mingi baada ya dume huyo kufa.

Kwanza, vitu vya kukusanya

Unahitaji mikroskopi inayokuza mara 100 na mara 400, mizani inayopima sehemu za gramu, kipimajoto cha kuaminika, frigo, mashine ya kuzungusha vitubu kama ipo, paileti (mirija myembamba ya plastiki ya kuhifadhia mbegu) za mililita 0.25, zile zile za kupandikizia ng'ombe, na boksi la povu jeupe linalokuja na chanjo. Boksi hilo usilitupe, ndilo litakuwa chombo chako cha kugandishia.

Kitu kigumu kupata ni nitrojeni ya maji. Ulizia kwa wauzaji wa gesi za viwandani wanaohudumia migodi, na kwa wafugaji wanaopandikiza ng'ombe. Omba kwa jina la azoti, ndilo watu wanalolijua hapa. Usinunue kabla hujafanya mazoezi ya hatua zote zinazotangulia mara kumi au zaidi, kwa sababu inachemka na kupotea kila siku, utumie usitumie.

Pili, mchanganyiko wa yai

Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mbegu ikipozwa ghafla, ngozi yake hupasuka. Kiini cha yai kinailinda wakati wa kupoa, na gliseroli inailinda wakati maji yanapogeuka barafu. Siri hiyo ya gliseroli iligunduliwa Uingereza mwaka 1949 na Christopher Polge na wenzake, na mpaka leo tunaitumia.

Pima trisi gramu 2.4, asidi sitriki gramu 1.4, glukosi gramu 0.8, penisilini gramu 0.06 na streptomisini gramu 0.1. Yeyusha kwenye mililita 70 hivi za maji safi ya maabara yaliyokenekwa. Maji ya betri ya barabarani usiyaguse. Kisha ongeza kiini cha yai mililita 20 na gliseroli mililita 3, halafu jaza maji mpaka ifike 100. Hiyo ni chupa A. Chupa B ni hivyo hivyo, isipokuwa gliseroli iwe mililita 7. Chupa ya tatu ni ya kuoshea: trisi, asidi sitriki, glukosi na antibayotiki zile zile, bila yai wala gliseroli.

Gliseroli ni nzito kama asali na inang'ang'ania ndani ya pipeti, hivyo ukiipima kwa pipeti utapata pungufu bila kujua. Ipime kwenye mizani: mililita 3 ni karibu gramu 3.8, na mililita 7 ni karibu gramu 8.8.

Yai nalo lina namna yake. Lioshe, lipanguse kwa alkoholi, livunje, tenga kiini. Kisha kiweke juu ya karatasi ya kuchujia na kukiviringisha taratibu, karatasi ikinyonya ute, mpaka kiini kibaki kikavu na kinang'aa kama jua la asubuhi. Sasa kishike juu ya glasi kikiwa bado kwenye karatasi, kitoboe kwa sindano, na acha cha ndani kitiririke. Ngozi inabaki kwenye karatasi. Mzee wetu wa maabara alinifanya nirudie kazi hiyo kwa mayai sita kabla hajaridhika, na leo namshukuru, kwa sababu ute ukiingia mchanganyiko wote unakuwa na vinyuzinyuzi na hutaona kitu kwenye mikroskopi. Chuja au zungusha mchanganyiko ili mabonge ya kiini yashuke chini, tumia sehemu ya juu tu.

Mililita 100 ni nyingi mno kwa paka mmoja. Gawa kwenye vitubu vidogo na uvigandishe kwenye friza ya kawaida, kila mara utoe kimoja.

Tatu, kupokea korodani

Mwambie anayehasi asizikate kwa pupa. Afunge, akate juu kabisa, aache mrija wa mbegu uwe mrefu. Zioshe kwa maji ya chumvi ya hospitali, zifunge kwenye kitambaa cha gozi kilicholowanishwa kwa maji hayo hayo, ziingie mfukoni, mfuko uingie kwenye boksi lenye barafu. Kati ya mfuko na barafu weka taulo. Korodani inayogusa barafu moja kwa moja imekwisha.

Zikiwa kwenye nyuzi 4 hivi, mbegu zitavumilia siku nzima bila shida kubwa. Habari hiyo ilinifariji sana nilipoijua, maana inamaanisha kwamba mnyama aliyekufa mbali na mji hajapotea ikiwa mtu wa kule ana boksi na barafu.

Andika pale pale: mnyama gani, saa ngapi amehasiwa au amekufa, saa ngapi zimeingia kwenye baridi. Usiiamini kumbukumbu yako.

Nne, kutoa mbegu

Weka korodani kwenye kisahani na uiangalie vizuri. Pembeni yake umelala mrija uliojikunja, epididimisi. Kichwa chake kiko upande mmoja, na mkia wake, upande wa pili, umevimba kidogo, mweupe kama punje ya wali uliopikwa. Mbegu zilizokomaa ziko hapo kwenye mkia. Kata mkia huo pamoja na kipande cha mrija unaotoka, kisha kwa uvumilivu ondoa mafuta na mishipa ya damu yote. Damu ikiingia inaua kazi. Osha tena.

Hamisha kwenye kisahani kingine chenye mililita moja au mbili za maji ya kuoshea yaliyopashwa hadi nyuzi 37. Kwa wembe wa upasuaji katakata punje hiyo vipande vidogo sana. Utaona kitu kama moshi mweupe kinatoka kwenye kila mkato na kutawanyika ndani ya maji. Mara ya kwanza nilipoona moshi ule nilinyamaza, nikakumbuka yule chui. Acha dakika 10, chuja kwa kitambaa chembamba cha nailoni.

Tano, kuangalia ulichopata

Tone moja kwenye kioo, kifuniko juu, mikroskopi. Swali la kwanza: ngapi kati ya mia zinatembea, na zinakwenda mbele au zinazunguka mahali pamoja? Toa alama kutoka 0 hadi 5 kwa nguvu ya mwendo.

Hapa lazima niseme jambo la Lubumbashi. Vitabu vinasema "joto la chumba" kana kwamba ni kitu kimoja. Sisi tuko juu, karibu mita 1,200, na asubuhi ya Juni au Julai chumba kisicho na hita ni baridi ya kuvaa koti, wakati Oktoba chumba hicho hicho kinatoa jasho. Kioo kilicholala mezani usiku wa Julai kitazipiga mbegu kwa baridi kabla hujainamisha jicho, na wewe utaandika "zimekufa" kumbe umeziua mwenyewe. Pasha vioo, pipeti na vitubu vyote. Chupa ya maji ya moto chini ya bamba la chuma inatosha, mradi kipimajoto kisome 37.

Kisha tia rangi tone jingine na hesabu mbegu 200, ukitenga zilizo sawa na zenye kasoro: mkia uliopinda, kichwa kikubwa au kidogo mno, mikia miwili. Mbegu za epididimisi mara nyingi zina tone dogo karibu na mkia, lisikuogopeshe. Paka mwenye kasoro zaidi ya asilimia 60 anahesabiwa kuwa na tatizo kubwa. Duma ndivyo alivyo kwa kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 David Wildt, Stephen O'Brien na wenzao waliona karibu asilimia 70 ya mbegu za duma zina kasoro, wakahusisha na damu yake kufanana mno. Puma wa Florida walikuwa na hali mbaya zaidi, kasoro zikipita asilimia 90, mpaka mwaka 1995 walipoletewa majike 8 kutoka Texas ili damu ichanganyike. Kwa hiyo siku ukipata mnyama wa porini mwenye mbegu mbovu, usitupe. Gandisha, na uandike ukweli. Huenda dume huyo ndiye wa mwisho wa ukoo wake.

Sita, kupoza

Zungusha kitubu taratibu, nguvu ya mara 300 ya uzito, dakika 8 hadi 10. Mwaga maji ya juu, koroga kwa upole kilichobaki chini na chupa A. Kama huna mashine, tumia maji machache ya kuoshea tangu mwanzo na uongeze chupa A moja kwa moja. Matokeo yatapungua kidogo, lakini yatakuwepo.

Sasa weka kitubu ndani ya glasi ya maji yenye joto sawa nacho, na glasi nzima iingie kwenye frigo. Maji hayo ndiyo breki. Bila hayo kitubu kitapoa kwa dakika chache. Pamoja nayo kitachukua saa moja hadi saa moja na nusu kufika nyuzi 4 au 5, na hiyo ndiyo kasi tunayoitaka. Chupa B iwe humo humo frigoni, ipoe pamoja.

Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Mimi nimejaza rafu ya chini chupa za maji, zinashika baridi muda wa kutosha kumaliza kazi.

Vikishafika nyuzi 4, ongeza chupa B kwa kiasi sawa na kilichomo, kidogo kidogo, humo humo kwenye baridi. Nusu ya asilimia 3 na nusu ya asilimia 7 inakupa gliseroli asilimia 5. Vuta kwenye paileti zilizopozwa, ziba. Paileti ziwe zimeandikwa kabla, kwa sababu juu ya plastiki yenye unyevu kalamu haishiki.

Saba, kugandisha

Fungua madirisha yote. Lita moja ya nitrojeni ya maji ikigeuka hewa inakuwa karibu lita 700, haina harufu wala rangi, na inasukuma nje oksijeni unayovuta. Usifanye kazi hii peke yako kwenye chumba kidogo, na usisafirishe tangi ndani ya gari lililofungwa vioo. Vaa miwani, glovu nene na viatu vilivyofunika mguu.

Mimina nitrojeni kwenye boksi la povu, kina cha sentimita 5 au zaidi, subiri itulie kuchemka. Paileti zinalazwa juu ya waya, sentimita 4 juu ya uso wake, kwenye ule mvuke. Shida ni kwamba nitrojeni inashuka huku unasubiri, na nafasi inakuwa 5, halafu 6. Funga wavu wako wa waya juu ya vipande viwili vya povu vinavyoelea, nao utashuka pamoja na nitrojeni, sentimita 4 zikibaki 4. Funika, dakika 10, kisha zisukumie ndani. Zimefika nyuzi 196 chini ya sifuri.

Nane, kuyeyusha moja

Usilale bila kujua umefanya nini. Toa paileti moja, ndani ya maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 30, ipanguse mpaka ikauke kabisa, kata, angalia. Ikiwa kati ya theluthi na nusu zinatembea, umefanya kazi nzuri. Ikiwa hakuna hata moja, rudi kwenye daftari: mara nyingi kosa liko kwenye kupoza, si kwenye nitrojeni.

Tisa, tangi

Paileti zinatunzwa ndani ya tangi la nitrojeni, na kina cha nitrojeni lazima kipimwe. Ingiza kijiti cha mbao kikavu mpaka chini, hesabu sekunde kumi, toa, kipunge hewani. Barafu nyeupe inayojichora juu yake ndiyo kina cha nitrojeni. Andika kila Ijumaa, na uweke jina la mtu anayehusika, si "sote". Nilishiriki mahali fulani ambapo sote tulihusika. Ilikuja mapumziko ya mwisho wa mwaka, kila mmoja akidhani mwenzake amejaza, na Januari kijiti kilitoka kikavu. Tulijaza tena siku hiyo hiyo, lakini paileti zilizowahi kupata joto hazirudi kuwa hai kwa kurudishwa kwenye baridi. Miezi minane ya kazi. Tangu hapo paileti za kila dume nazigawa kwenye matangi mawili, nyumba mbili tofauti.

Siku ya mnyama wa porini

Utaratibu ni ule ule, punje ya wali inakuwa kubwa zaidi tu. Kilicho tofauti ni kinachotangulia.

Mzoga uliokufa ghafla, wenye damu isiyoganda inayotoka puani au mkunduni, usiupasue. Huenda ni kimeta, na kisu chako kitaachia vijidudu kwenye udongo kwa miaka mingi. Kichaa cha mbwa kipo mjini na vijijini, hivyo anayegusa wanyama awe amechanjwa, avae glovu mbili. Chukua na damu ya mnyama, uihifadhi pamoja na mbegu zake, maana magonjwa nayo husafiri ndani ya paileti.

Simba, chui na paka wengine wa porini wanalindwa, na ruhusa inatoka ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi za wanyama. Iombe sasa, kwa maandishi, kabla ya kifo chochote, wewe pamoja na kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi na bustani ya wanyama ya mjini. Chui na duma wako kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hata paileti moja haivuki mpaka wa Kasumbalesa bila karatasi zake.

Mnyama aliye hai ni habari nyingine. Dawa ya medetomidini inayomlaza hufanya mbegu zishuke kwenye njia ya mkojo, na mganga aliyefunzwa kwa wanyama wa porini huzivuta kwa mrija mwembamba. Usijaribu bila yeye. Kupandikiza nako kunahitaji homoni, kwa sababu paka wengi hawatoi yai mpaka wapandwe, na mara nyingi mbegu hupelekwa moja kwa moja kwenye kizazi kwa kamera ndogo kupitia tundu la tumboni. Vyuo vyenye uzoefu vipo barani: mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria walipata simba wawili kwa kupandikiza mbegu mbichi. Wewe kazi yako ni paileti nzuri yenye maandishi yanayosomeka.

Nyuma ya mlango wangu kuna mfuko umetundikwa. Ndani yake kuna wembe tatu za upasuaji, nyuzi za kufungia, chupa mbili za maji ya chumvi, gozi, mifuko ya plastiki, taulo, glovu, kalamu ya kudumu na karatasi yenye namba za simu za walinzi wa hifadhi. Vipande vya barafu viko frigoni kwa jirani mwenye jenereta. Jumatatu navibadilisha, naangalia tarehe za maji ya chumvi, naongeza salio kwenye simu.